Kilo 122 juu ya springi za kilo 75: kisa cha pikipiki ya bwana shamba Pemba

Pikipiki yenyewe ni ya aina ya trail, cc 250, ringi ya inchi 21 mbele na 18 nyuma. Nyuma ina shokapu moja yenye linki (vyuma vinavyoiunganisha shokapu na mkono unaoshika gurudumu), mbele shokapu za kawaida zenye bomba la mm 41, zisizo na skrubu yoyote ya kurekebisha. Tangi likiwa limejaa ina kg 145. Mwendeshaji ni bwana shamba anayetokea Wete, mtu wa kg 104, na akishavaa buti, helmeti na koti la mvua anafika kg 110. Kwenye kerea kuna boksi la vifaa la kg 12. Kwa hiyo kila asubuhi inapoondoka, springi zinabeba kg 122 zaidi ya uzito wa chombo chenyewe, wakati za kiwandani zilikuwa zinamtosha mtu wa kg 70 na nguo zake.

Njia zake si za kuonea huruma springi laini. Kuna lami hadi Konde, kuna udongo wa mfinyanzi wa vilima vya magharibi ambao wakati wa masika ni utelezi mtupu, kuna mawe ya matumbawe ya upande wa Micheweni na Maziwa Ng'ombe, na kuna njia ya kupita msitu wa Ngezi kwenda Makangale. Malalamiko aliyokuja nayo ni manne: nyuma inagonga chuma kwa chuma kwenye mashimo, usiku taa inamulika minazi badala ya barabara, kwenye kona pikipiki inataka kwenda nje, na akishika breki kwenye mteremko pua inazama yote.

Mambo matatu yalikuwa yameshajaribiwa kabla, na yote matatu yanajulikana kwa kila fundi wa pikipiki visiwani. Pete ya shokapu ya nyuma ilikazwa mpaka mwisho wa uzi. Shokapu za mbele zilijazwa oili ya injini ya 20W-50 ili ziwe ngumu. Na kati ya miduara ya springi ya nyuma vilichomekwa vipande viwili vya mpira wa tairi kuukuu. Matokeo yake yalimchanganya mwenye chombo: kwenye vijiwe vidogo imekuwa ngumu kuliko zamani, kwenye shimo kubwa bado inagonga.

Hakuna cha kushangaza hapo. Springi ndiyo inayobeba uzito. Oili haibebi hata kilo moja. Kazi yake ni kuzuia kasi ya kubonyea na ya kurudi, kwa hiyo oili nzito inaifanya shokapu ishindwe kufuata jiwe dogo, huku mwendeshaji akikaa imezama pale pale ilipokuwa inazama. Oili ya 10W ya shokapu kwenye joto la digrii 40 ina uzito wa mtiririko (jinsi oili inavyokataa kutiririka) wa takriban cSt 32 hadi 47, na 20W-50 ya injini iko karibu na 160. Ni mara tatu, nne, tano zaidi, kutegemea chapa. Mpira wa tairi nao unaiua miduara iliyobanwa, ikawa haifanyi kazi, na springi inakuwa ngumu kweli, lakini kwa upande mmoja; inajipinda, inasukuma fimbo ya shokapu ubavuni na kumaliza sili, ule mpira unaozuia oili isivuje.

Kukaza pete ndiko kunakodanganya watu wengi zaidi, kwa sababu matokeo yanaonekana kwa macho. Pete ikikazwa, springi inabanwa kabla haijabeba chochote (huo ndio mkazo wa awali), na tako la pikipiki linapanda. Mtu akiona limepanda anasema sasa imekuwa ngumu. Haijawa ngumu. Ni sawa na kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda chenye godoro laini: kitanda kimepanda, godoro ni lile lile. Springi ya kg 6 kwa milimita itabaki kutaka kg 6 kwa kila milimita, ukaze ukitakavyo.

Vipimo kabla ya kugusa kitu

Kinachopimwa ni mbonyeo, yaani milimita ambazo chombo kinashuka kutoka pale gurudumu linaponing'inia. Inua pikipiki kwa boksi chini ya injini mpaka gurudumu la nyuma liachie ardhi. Bandika utepe kwenye plastiki ya ubavuni, wima juu ya ekseli, weka alama, na upime kutoka katikati ya nati ya ekseli hadi kwenye alama. Hapa ilikuwa mm 562. Kisha ishushe chini, pima ikiwa tupu. Kisha mwenyewe akae mahali anapokaa siku zote, miguu kwenye pedeli, amevaa kila kitu, mtu mmoja aishike usukani isianguke, mwingine apime. Mwisho weka boksi kwenye kerea upime tena.

Kila kipimo kichukuliwe mara mbili: mara ya kwanza bonyeza kiti kwa mikono uachie taratibu, mara ya pili inua kidogo uachie taratibu, kisha chukua wastani. Hivi viwili havitalingana, na tofauti yao ni habari yenyewe. Kwenye chombo hiki tofauti ya nyuma ilikuwa mm 18. Kwa linki isiyo na kasoro tofauti huwa karibu mm 5 hadi 7, kwa hiyo mm 18 maana yake ni kwamba beringi za linki zimekauka au zimeota kutu, na kipimo chochote cha springi juu ya linki iliyoganda ni uongo. Linki ikafunguliwa: beringi mbili za sindano zilikuwa na kutu ya rangi ya chai na hakuna hata tone la grisi. Moja ilibadilishwa, nyingine ikasafishwa kwa mafuta ya taa, zikajazwa grisi isiyoyeyushwa na maji, na tofauti ikashuka hadi mm 6. Ukanda wa pwani una chumvi hewani mwaka mzima. Linki ya Pemba ifunguliwe kila baada ya masika, hata kama kitabu cha kiwanda kinasema vingine.

Wakati huohuo magurudumu yaliwekwa juu ya mizani ya kupimia watu, moja moja, na chini ya gurudumu la pili kukawekwa ubao wa unene uleule ili pikipiki isiiname. Ikiwa tupu: kg 70 mbele, kg 75 nyuma. Mwendeshaji akipanda: kg 103 na 152. Boksi likiwekwa: kg 102 na 165. Angalia hapo boksi lilivyofanya. Lina kg 12, lakini nyuma imeongezeka 13, kwa sababu kerea iko nyuma ya ekseli na inainyanyua mbele kidogo.

Mbonyeo wa nyuma kama chombo kilivyoletwa, pete ikiwa imekazwa mm 24: tupu mm 0, na mtu mm 78, na mtu na boksi mm 91. Safari yote ya gurudumu la nyuma, yaani umbali wote linaoweza kupanda na kushuka, ni mm 225.

Fundi asiyejua ataangalia 91 aseme si mbaya sana, ni asilimia 40. Kipimo kinachosema kweli hapa ni ile sifuri. Pikipiki ikiwa tupu haishuki kabisa, springi imeshasukumwa hadi inaipandisha mpaka mwisho, na gurudumu halina hata milimita moja ya kushuka kulifuata shimo. Mbonyeo wa tupu ukiwa sifuri huku wa mtu ukiwa mkubwa, springi ni laini mno kwa uzito huo. Ukiwa kinyume chake, tupu mkubwa na wa mtu mdogo, springi ni ngumu mno. Kwa chombo cha safari hii tunatafuta tupu mm 10 hadi 25, na wa mzigo kamili asilimia 33 hadi 37 ya safari ya gurudumu.

Mkazo wa mm 24 ulikuwa umeleta hatari nyingine iliyojificha. Springi ya zamani ina urefu wa mm 215, waya wa mm 11, na miduara 9 kwa jumla. Ikibanwa mpaka miduara igusane inabaki mm 99. Ina nafasi ya mm 116. Fimbo ya shokapu inasafiri mm 90, ukijumlisha 24 ni 114. Zilibaki mm 2 kabla chuma hakijawa jiwe. Kwa kuwa mpira wa tairi nao ulikuwa ndani, hizo mbili hazikuwepo, na ushahidi ulikuwa hapohapo: rangi ya springi imelika kwenye nyuso za miduara mitatu, na chini ya madigadi kuna mstari mweusi wa tairi. Ule mlio aliokuwa akiusikia haukuwa wa shokapu kufika mwisho peke yake. Ulikuwa wa springi kugeuka bomba.

Kuchagua springi bila kubahatisha

Unaweza kutafuta jedwali la muuzaji, uingize kilo zako upate jibu. Tatizo la majedwali hayo ni kwamba mengi hayaulizi boksi. Kuna njia ya mkono ambayo haihitaji kujua uwiano wa linki.

Pete ilegezwe kwanza mpaka springi ianze kupata mbonyeo wa tupu. Hapa ilirudishwa hadi mm 12, mpira ukatolewa, vipimo vikarudiwa: tupu mm 27, na mtu mm 107, na mtu na boksi mm 121. Hii ya mwisho ni asilimia 54 ya safari yote. Kabla hajakutana na shimo la kwanza ameshatumia zaidi ya nusu.

Sasa hesabu. Mtu aliongeza kg 77 nyuma (152 kutoa 75) na chombo kikashuka mm 80 (107 kutoa 27). Kwenye gurudumu, basi, springi hii inatoa kg 0.96 kwa milimita. Tunachotaka ni mtu na boksi, jumla kg 90 nyuma, washushe mm 70 tu, yaani kutoka tupu 13 hadi mzigo 83. Kg 90 kugawa mm 70 ni 1.29. Gawa 1.29 kwa 0.96 upate 1.34. Springi mpya inatakiwa iwe ngumu mara 1.34 kuliko ya zamani. Ya zamani imeandikwa 6.0, kwa hiyo mpya ni 8.0.

Kama ya zamani haina maandishi, au rangi imeliwa na chumvi, inapimika. Kanuni inayofaa kwa waya wa chuma cha springi ni hii: chukua unene wa waya kwa milimita uzidishe wenyewe kwa wenyewe mara nne, zidisha kwa 1000, kisha gawa kwa kipenyo cha katikati ya waya kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu, ukizidisha na idadi ya miduara inayofanya kazi. Kipenyo cha katikati ni kipenyo cha nje kutoa unene wa waya mmoja. Miduara inayofanya kazi ni ile isiyokaa juu ya jirani yake. Kwa kawaida ni jumla kutoa 2. Springi yetu: waya 11, kipenyo cha katikati 70, miduara 7. Jibu ni 6.1. Tumia kalipa, si rula, kwani kosa la nusu milimita kwenye waya wa mm 11 linaleta kosa la karibu asilimia 19 kwenye jibu. Na ukwangue rangi kwanza.

Ukiona hesabu inachosha, weka springi juu ya mizani ya watu ndani ya fremu yenye jeki ya chupa, ibane mm 10, soma kilo, ibane mm 10 nyingine, soma tena. Tofauti igawe kwa 10. Springi ya mbele lazima iwe ndani ya bomba wakati wa kupimwa, la sivyo itapinda na kuruka. Mizani nyingi za watu zinaishia kg 150, basi usipitishe.

Wakati wa kuagiza, iwe Dar es Salaam au nje ya nchi, soma vipimo vya muuzaji kwa makini. Wengine wanaandika kg/mm, wengine N/mm, Wamarekani wanaandika paundi kwa inchi. Kg 1 kwa milimita ni N/mm 9.81, na ni paundi 56 kwa inchi. Springi ya 8.0 itaonekana kama 78 au kama 448, na zote ni kitu kimoja. Mtu akiomba “78” kwa muuzaji wa paundi ataletewa springi laini kupita kiasi. Mpe muuzaji na vipimo vingine vitatu: kipenyo cha ndani (hapa mm 59), urefu ikiwa huru (mm 215, ukiruhusu 5 juu au chini), na safari ya fimbo (mm 90). Iliyofika ina waya wa mm 11.5 na miduara 8.2 kwa jumla, inaishia mm 94 ikibanwa yote. Nafasi yake ni mm 121, mahitaji ni 90 na mkazo wa 12, inabaki ziada ya mm 19. Hapo panatosha.

Mbele: bomba la PVC na msumeno

Hesabu ya mbele ni fupi. Springi za zamani ni 0.40 kila moja, mbili ni 0.80. Mbonyeo ulikuwa mm 44 tupu na 84 kwa mzigo kamili, safari ya gurudumu ikiwa mm 230. Lengo la mbele huwa chini kuliko la nyuma, asilimia 28 hadi 30, kwa sababu breki zitaizamisha zaidi. Zilichaguliwa za 0.50.

Kuna fundi atakayesema zikate za zamani, na si mjinga. Springi ikipunguzwa miduara inakuwa ngumu kwa uwiano uleule. Kutoka miduara 38 ukibakisha 30 na kidogo unapata 0.50 sawasawa, na nafasi iliyopotea unaijaza kwa bomba. Kwa mbele inawezekana kama umebanwa, ilimradi ncha iliyokatwa isagwe iwe bapa. Lakini kila mduara sasa unajikunja mm 8.2 pale ulipokuwa unajikunja 6.7, kwa waya uleule. Springi inachoka, inafupika yenyewe, na baada ya muda unarudi ulikotoka. Kwa nyuma usikate kabisa. Na mahali popote usiipashe moto wa gesi. Chuma cha springi kikishapata moto mwekundu kimekwisha kazi.

Kabla ya kufungua, inua injini mpaka gurudumu la mbele lining'inie. Legeza kwanza bolti za kibano cha juu zinazobana bomba, kisha kifuniko. Ukianza na kifuniko utapindisha meno yake. Fungua upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Ukifungua vyote viwili na jeki ikateleza, pikipiki inakaa juu ya magoti yako. Uzi wa mwisho wa kifuniko ubonyeze kwa kiganja na kitambaa, uso uwe pembeni, kwa kuwa kina kama kg 10 chini yake kinachotaka kuruka.

Oili iliyotoka ilikuwa ya kijivu, yenye maji. Bomba likakaguliwa juu ya sili kwa ukucha: palikuwa na vishimo viwili vidogo vya kutu, juu zaidi ya pale sili inapofika, vikasuguliwa kwa msasa laini wa maji wenye oili. Vingekuwa kwenye njia ya sili, kubadilisha sili bila kubadilisha bomba ingekuwa kutupa pesa.

Springi ya zamani ilikuwa na urefu wa mm 510 na bomba la chuma la mm 90 juu yake, jumla 600, na kifuniko kikifungwa kinaibana mm 25. Nafasi halisi ndani ni mm 575, basi. Springi mpya ina mm 440 na inataka mkazo wa mm 20. 575 na 20 ni 595, toa 440, zinabaki 155. Washa (vipete bapa vya chuma) mbili za mm 1.5, moja juu moja chini, zinachukua 3. Bomba ni mm 152. Bomba la PVC nene la maji linafaa na linapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi. Likatwe kwa msumeno wa chuma ndani ya kiongozi ili ncha ziwe mraba, kingo zisuguliwe, na unga wote uoshwe, kwani chembe za plastiki zikiingia kwenye matundu ya oili shokapu inakuwa na tabia usizozielewa. Washa za chuma usiziruke. Ncha ya springi ikikaa moja kwa moja juu ya plastiki inajichimbia polepole na mkazo unapotea.

Upimaji wa kubana nao ufanyike hapa: waya wa mm 4.6, miduara 35 kwa jumla, inaishia mm 161. Nafasi 279, mahitaji 250. Sawa. Ziko springi za 0.50 zenye waya wa mm 4.8 na miduara mingi ambazo kwa urefu huu zingegusana kabla gurudumu halijafika mwisho, na namba iliyochapwa kwenye boksi isingekuonya.

Oili mpya ilikuwa nusu 10W na nusu 15W za chapa moja. Springi ngumu inarudisha kwa nguvu zaidi, na shokapu hizi hazina skrubu, kwa hiyo oili ndiyo njia pekee ya kuituliza. Kiasi hakipimwi kwa mililita tu. Ukijaza takriban ml 560, pampu bomba juu na chini taratibu mara kumi na tano mpaka mapovu yaishe, kisha shokapu ikiwa imezama yote na springi ikiwa nje, pima kutoka ukingo wa juu hadi usoni mwa oili. Mm 140. Sindano ya duka la dawa ikiwa na mrija uliowekwa alama ya mm 140 inafyonza ziada na kukuachia kimo sawa pande zote mbili. Hewa iliyobaki juu ya oili nayo ni springi. Ukipandisha oili kwa mm 10 mwisho wa safari unakuwa mgumu zaidi, mwanzo unabaki vilevile.

Wakati wa kufunga, kibano cha ekseli kiachwe kimelegea, shika breki ya mbele, bonyeza usukani mara kadhaa ili miguu ya shokapu ijipange yenyewe, ndipo ukaze. Shokapu nyingi “ngumu” ni miguu iliyobanwa ikiwa haijalingana.

Nyuma

Pete mbili za shokapu zilikuwa na majeraha ya tindo pande zote. Ni aluminiamu, na uzi wa mwili umejaa mchanga na chumvi. Brashi ya waya, mafuta ya kulegezea, yakae usiku mzima, kisha spana ya ndoana. Springi ikiwa imebanwa mm 24 inasukuma kwa kg 144, lakini pete ikirudishwa mpaka mwisho wa uzi hapa springi ililegea yenyewe na kibao cha chini kikatoka kwa mkono. Shokapu nyingine hazina uzi wa kutosha, zinahitaji kibanio cha springi chenye bolti mbili. Kamba na mtu wa kukanyaga si kibanio.

Mwili wa shokapu wenyewe usifunguliwe kama fundi hana gesi ya naitrojeni ya kuujaza tena. Upepo wa kujazia tairi una unyevu, unapanuka ovyo shokapu ikipata joto, na unailisha kutu. Fimbo ilikuwa safi, sili haivuji, ikabaki.

Springi mpya ilikazwa mm 12. Vipimo: tupu mm 14, na mtu 74, na mtu na boksi 85. Mbele tupu 35, mzigo kamili 67. Kila mm 1 ya pete kwenye linki hii inasogeza kimo cha nyuma mm 2.5, iwe springi laini au ngumu, kwa hiyo marekebisho ya mwisho ni ya robo duru, si ya kushindana na spana.

Yaliyojitokeza barabarani

Kwenye tuta la kwanza nyuma ilimrusha kiti. Hilo lilitarajiwa: springi imekuwa ngumu kwa theluthi, na uzuiaji wa kurudi umebaki wa springi ya zamani, unatakiwa uongezeke kwa karibu asilimia 15. Skrubu ya chini ya shokapu ikafungwa kliki tatu, na pikipiki ikawa inapanda mara moja na kutulia. Ukifunga kupita kiasi utaona kinyume: kwenye mawe yanayofuatana nyuma inazidi kushuka, haipati muda wa kurudi, na mtu anadhani springi imelegea tena.

Lalamiko la pili lilikuwa kwamba mbele imekuwa ngumu kama gari la ng'ombe. Kabla ya kufungua kitu chochote tairi likapimwa: psi 36, lilijazwa hivyo enzi za kugonga ringi. Likashushwa hadi 23 mbele na 30 nyuma, na lalamiko likaisha.

Mnyororo ulibidi upimwe upya, kwa kuwa kimo cha nyuma kimebadilika. Ulegevu upimwe pale ambapo sproketi ya mbele, pini ya mkono na ekseli ziko kwenye mstari mmoja, maana ndipo mnyororo unapobana kuliko pengine pote. Stendi ya pembeni, kwenye ardhi laini, iwekewe bati chini. Taa ikashushwa. Mwisho wa kilomita 500 vipimo virudiwe, kwa sababu springi mpya na washa hukaa kidogo, na milimita mbili tatu zinaweza kupotea bila kosa la mtu.

Akimpakia mwenzake wa kg 65 siku moja moja, aongeze mkazo wa nyuma mm 8, nyuma inapanda mm 20, na akirudi aulegeze. Asikaze akasahau.

Springi za zamani zilifutwa oili, zikafungwa kwenye mfuko, zikaandikwa 6.0 na 0.40 kwa kalamu ya rangi na kuhifadhiwa na chombo, pamoja na mabomba ya chuma ya mm 90. Pikipiki ya kazi inahamishwa na kazi. Akipewa mtu wa kg 58, na nguo kg 63, springi ya 8.0 itambonyea mm 48 tu akiwa juu yake bila boksi, asilimia 21, na kila jiwe la Micheweni litamfikia mgongoni. Akilegeza pete hadi mm 5 atapata 65 anayoitaka, ila pikipiki ikiwa tupu itashuka mm 31. Mbonyeo wa tupu mkubwa, wa mtu mdogo: huyo arudishiwe za zamani, mbele na nyuma kwa pamoja.